Mapatano ya Jumla na Rejareja katika Sinema ya Hotel Rwanda

Sinema nyingi za migogoro ya kisiasa zina risasi nyingi na maneno machache. Hotel Rwanda ni kinyume chake. Shujaa wake hapigi risasi hata moja. Silaha zake ni sigara za Cuba, chupa za wiski, simu ya mezani na ulimi. Kutoka mwanzo hadi mwisho jamaa anapatana bei, na kinachopatanwa ni roho za watu. Sisi wa Magomeni, ambao tukishavuka bonde la Jangwani tu tumeingia Kariakoo, tunajua kitu kuhusu kupatana bei. Kwa hiyo tunayo haki ya kuihakiki sinema hii kwa mizani yetu wenyewe, si kwa mizani ya wale walioitunza na kuipigia makofi huko ng'ambo.

Makala haya yanasema jambo moja. Sinema hii imefaulu sana katika kuonyesha mapatano ya rejareja, yale ya mtu mmoja na mtu mmoja, koridoni, getini, ofisini. Lakini imeyafuta mapatano ya jumla, yale ya mezani, ambayo kwa bahati mbaya au nzuri yalifanyika hapa kwetu, Arusha na Dar es Salaam. Na kufuta huko si jambo dogo. Kunamfundisha kijana anayetaka kuandika kwamba historia ya Afrika ni ya mjanja mmoja na wauaji wengi, na kwamba hapa katikati hapakuwa na watu wazima waliokaa chini kuzungumza.

SINEMA YENYEWE

Sinema ilitoka mwaka 2004. Mwongozaji ni Terry George, mzaliwa wa Belfast, na ndiye aliyeiandika pamoja na Keir Pearson. Don Cheadle anaigiza Paul Rusesabagina, meneja wa hoteli mjini Kigali, Mhutu aliyeoa Mtutsi. Sophie Okonedo ni mkewe Tatiana. Nick Nolte ni Kanali Oliver wa Umoja wa Mataifa, mhusika aliyechotwa kwa Jenerali Roméo Dallaire wa Canada. Hoteli ni Mille Collines, mali ya shirika la ndege la Ubelgiji, Sabena. Wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 watu 1,268, kwa hesabu ya sinema, walijificha humo wakatoka hai. Sehemu kubwa ya picha ilipigwa Afrika Kusini.

Ilipofika mitaani kwetu wengi waliiona kwenye vibanda vya video, na leo ukiitaka utaipata hata kwenye simu. Watu hutoka na machozi. Hilo si kosa. Lakini machozi yakikauka lazima tuulize: tumefundishwa nini?

MBINU ZA PAUL

Tuanze na sifa, maana sinema inazistahili. Hebu tuzitazame mbinu za Paul moja moja, kama anayetazama fundi akifanya kazi.

Mbinu ya kwanza ni akiba ya fadhila. Mwanzoni kabisa Paul anamweleza dereva wake kwa nini anampelekea tajiri sigara ya Cohiba badala ya fedha ileile taslimu. Fedha kwa tajiri si kitu, anazo. Sigara iliyotoka Havana moja kwa moja ni heshima. Paul hatoi rushwa, anaweka akiba. Mkoba wa Jenerali Bizimungu hautoki hotelini mtupu, na Jenerali hajaombwa chochote. Baadaye, jirani anapokamatwa na askari usiku na Tatiana analia kwamba mumewe amsaidie, Paul anakataa. Anasema amekuwa akiwatumikia wakubwa siku zote ili siku familia yake ikipata shida awe na mtu wa kumpigia simu. Hataki kutumia akiba kwa jirani.

Hapo ndipo mwandishi wa sinema alipoonyesha ukomavu. Shujaa wake anaanza akiwa bahili wa huruma. Kwa lugha ya darasani tungesema mhusika huyu si bapa, ni duara, kwa sababu anabadilika, na kinachombadilisha ni hesabu kumshinda. Majirani wanaongezeka nyumbani kwake, akiba ni ileile.

Mbinu ya pili ni kumgeuza muuaji awe mfanyabiashara. Hii ndiyo tamasha kubwa kuliko zote katika sinema. Kepteni amewakuta majirani Watutsi pamoja na familia ya Paul. Anampa Paul bastola, awaue mwenyewe. Paul anasema hajui kutumia bunduki, kisha anauliza swali moja: bei gani? Kepteni anakasirika kwanza, kisha anataja bei kwa kila kichwa. Fedha alizonazo Paul zinatosha wachache. Kwa waliobaki anaahidi nyingine kutoka hotelini.

Tazama kilichotokea. Kepteni alikuja akiwa na kazi, kuua. Akitaja bei tu ameacha kazi na ameingia kwenye biashara, na mfanyabiashara haharibu mali yake kabla ya kulipwa. Kila muuza viatu pale Kariakoo anajua kwamba mteja aliyekwisha kutaja bei yake, hata kama ni ndogo ya kutukana, ameshaonyesha kwamba anataka kununua. Ugumu ulikuwa kumfanya afungue mdomo.

Lakini sinema haituachi tufurahie ujanja huo. Wakati bei inatajwa, kamera inawaonyesha wale wanaouzwa. Mke yupo, watoto wapo, jirani yupo anasikia thamani yake ikijadiliwa kama ya kuku. Ukikubali kupatana bei umeshakubali kwamba mtu ni bidhaa. Paul anajua, na Cheadle anaionyesha aibu hiyo usoni bila kusema neno. Hapo fani na maudhui vimeshikana mkono.

Mbinu ya tatu ni kununua muda. Askari wanafika hotelini na amri ya kuwatoa watu wote haraka. Luteni anataka orodha ya wageni ili ajue nani ni nani. Paul anatoa orodha ya zamani, ya kabla ya rais kuuawa, yenye majina ya Wazungu. Huku anampigia simu mkubwa wa Sabena kule Brussels, naye anawapigia Wafaransa. Baada ya kitambo simu inaingia upande wa askari na wanaondoka. Angalia kwamba Paul hakushinda hoja yoyote. Alichopata ni dakika kadhaa, na ndani ya dakika hizo mtu mwingine mwenye nguvu akafanya kazi. Sinema nyingi zingempa shujaa hotuba hapa. Hii inampa karatasi ya zamani na simu.

Mbinu ya nne ni kuuza sura. Watu wamejaa hadi koridoni, maji wanachota kwenye bwawa la kuogelea, lakini Paul anawapelekea ankara. Anang'oa namba za vyumba milangoni. Anavaa tai. Sababu yake ni kwamba wanamgambo wa Interahamwe wanaiogopa hoteli ya Wabelgiji, hawaogopi kambi ya wakimbizi. Siku ikionekana kambi, imekwisha. Kwa hiyo tai na ankara ni ukuta.

Mbinu ya tano ni aibu. Wazungu wameshaondoka kwenye mvua, wametuacha na mbwa wao mikononi. Paul anawaambia waliobaki wampigie simu kila wanayemjua ng'ambo, wamuage, lakini wamuage kwa namna ambayo atajiona ameushika mkono wao na akiuachia watakufa. Mbinu hii ina mpaka wake na sinema inauonyesha: aibu humshika anayekufahamu kwa jina. Huyo ndiye anayeweza kukutafutia viza. Serikali haina aibu. Tarehe 21 Aprili 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipunguza jeshi lake Rwanda hadi watu 270, wakati maiti ziko barabarani.

Mbinu ya mwisho inakuja wakati duka limebaki tupu. Wiski imekwisha, fedha zimekwisha, Jenerali ameondoa ulinzi. Paul hana cha kuuza, kwa hiyo anauza ushahidi wake. Anamwambia Jenerali kwamba Wamarekani wanamwona, kwamba siku moja ataulizwa, na siku hiyo atamhitaji mtu mmoja wa kusema kwamba aliwasaidia watu wa Mille Collines. Ni kitisho na ahadi kwa pamoja. Jenerali anafoka, lakini anakwenda hotelini.

Kwa ufundi wa mchezo, ngazi hii imepangwa vizuri. Kila mbinu inagharimu zaidi ya iliyotangulia: kwanza sigara, kisha fedha, kisha uongo, kisha heshima ya hoteli, kisha machozi ya watu, mwisho ni nafsi ya Paul mwenyewe, kwamba yuko tayari kumtetea muuaji. Mwandishi chipukizi akitaka kujifunza jinsi ya kupandisha mgogoro bila kuongeza damu, aiangalie sinema hii mara mbili akiwa na daftari.

LUGHA YA KUPATANA

Dosari ya kwanza ni lugha. Wahusika wote wanazungumza Kiingereza, tena kimoja. Katika Kigali ya mwaka 1994 mtu wa nafasi ya Paul angeongea Kinyarwanda nyumbani, Kifaransa na Wabelgiji, na Kiswahili hakikosekani mitaa ya Nyamirambo. Kuchagua lugha ni sehemu ya kupatana. Hapa kwetu ukimwita muuza kitenge "dada" una bei yako, ukimwita "mama" una nyingine, na ukiingia na Kiingereza umejiongezea gharama mwenyewe. Je, Paul alimwambia Kepteni "bei gani" kwa Kifaransa, kama meneja, au kwa Kinyarwanda, kama mtoto wa nyumbani? Hilo lingebadilisha tamasha zima. Sinema imelipoteza kwa sababu ilitaka wateja wa Marekani wasisome maandishi chini ya picha.

Vijana wetu wanaoandika hadithi za mjini nao wanaanguka shimo hilohilo. Mhindi wa dukani, askari, mama ntilie na mbunge, wote wanaongea Kiswahili kimoja cha redioni. Halafu tunashangaa kwa nini mazungumzo hayana uhai.

MEZA ISIYOONEKANA

Sasa tuje kwenye dosari kubwa. Katika sinema, rais anauawa, mauaji yanaanza. Mazungumzo ya amani yanatajwa kwa kupita tu. Mtazamaji asiyejua anatoka akiamini kwamba kilichotangulia kilikuwa chuki ya redioni na shehena ya mapanga kutoka China, basi.

Ukweli ni kwamba kabla ya hapo watu walikaa mezani zaidi ya mwaka mzima, na meza ilikuwa Arusha. Mazungumzo kati ya serikali ya Rwanda na waasi wa RPF yalifunguliwa Julai 1992. Tanzania ndiyo ilikuwa msuluhishi, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na kazi ya kila siku ya kuwakalisha watu pamoja ilikuwa ya Balozi Ami Mpungwe. Walijadili utawala wa sheria, wakajadili kugawana madaraka, wakajadili kurudi kwa wakimbizi, wakajadili jeshi. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 4 Agosti 1993.

Na hapo ndipo penye mchezo wa kuigiza, ndugu msomaji, kwa anayejua kusoma namba. Serikali ya mpito ingekuwa na viti 21. Chama cha rais, MRND, kilipata vitano. RPF vitano. MDR vinne pamoja na uwaziri mkuu, PSD vitatu, PL vitatu, PDC kimoja. Katika jeshi jipya askari asilimia 60 wangetoka upande wa serikali na 40 upande wa RPF, lakini kwenye nafasi za ukamanda ni nusu kwa nusu. Chama cha CDR, cha Wahutu wenye msimamo mkali kabisa, hakikupata kiti.

Mtu wa Kariakoo akizitazama namba hizo atakuna kichwa. Zipo haki tupu ndani yake, hapana ubishi. Waliofukuzwa nchini tangu mwaka 1959 na miaka iliyofuata walistahili kurudi kwao. Lakini kila anayepatana bei anajua kuna bei ambayo mwenzako ataikubali kwa mdomo huku moyoni ameshakataa. Ukimbana sana muuza mchele atasema haya chukua, kisha atakupimia pungufu. Wapo maofisa waliojua kwamba nusu kwa nusu maana yake ni wao kuvua magwanda. Wapo walioachwa nje ya mlango kabisa. Je, ingekuwa heri kuwaweka ndani na kuwapa kitu? Au mtu wa namna ile ukimpa kiti anakivunja? Wasomi wanabishana hadi leo. Ninachosema ni kwamba swali hilo ni zito kuliko tamasha lolote la wiski, na sinema haikuligusa.

Kisha ikaja Dar es Salaam. Tarehe 6 Aprili 1994 wakuu wa eneo hili walikutana hapa mjini kwetu, mwenyeji wao Mzee Mwinyi. Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda alikuwepo, na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Mkataba wa Arusha ulikuwa umekwama miezi minane na Habyarimana alikuwa anasukumwa autekeleze. Jioni akapanda ndege yake kurudi nyumbani, na Ntaryamira akapanda naye. Ndege ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Wote waliokuwemo walikufa na usiku uleule mauaji yakaanza.

Yaani siku ya mwisho ya Rwanda ya zamani ilianzia hapa. Ndege iliruka kutoka uwanja ambao sisi tunapita njiani kwenda Gongo la Mboto. Wiki tatu baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Nchi yetu ilikuwa mezani, ikawa uwanja wa ndege, ikawa kambi. Katika Hotel Rwanda, Dar es Salaam haionekani hata kwa dakika moja.

HATA REJAREJA ILITEGEMEA JUMLA

Mtu atasema: sinema ni ya hoteli, ibaki hotelini. Sawa. Lakini hata hotelini hesabu haikamiliki bila meza kubwa. Watu wa Mille Collines walitoka kwa misafara ya Umoja wa Mataifa baada ya pande mbili za vita kukubaliana kubadilishana watu: hawa wa hoteli wapelekwe upande wa RPF, na wengine waliokuwa upande wa RPF waletwe huku. Kikosi kidogo cha Dallaire kilichobaki ndicho kilichohangaika huku na huko kati ya majenerali. Wiski ya Paul ilinunua siku. Mapatano ya majeshi ndiyo yaliyofungua geti. Sinema haikai hapo sana, kwa sababu ikikaa shujaa atapungua urefu.

Na shujaa mwenyewe amekuwa na mgogoro. Mwaka 2005 alipewa nishani ya juu ya raia na Rais wa Marekani. Lakini baadhi ya walionusurika hotelini humo wamesema kwamba zile ankara hazikuwa geresha, kwamba watu walidaiwa kweli. Mmoja wao, Edouard Kayihura, alitoa kitabu mwaka 2014 akiwa na mwandishi mwenzake, kueleza hoteli aliyoiishi yeye. Wengine wamemtetea Rusesabagina. Mwaka 2021 mahakama ya Rwanda ilimhukumu miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, kesi ambayo watetezi wake waliiita ya kisiasa, na akaachiwa Machi 2023. Mhakiki hana mamlaka ya kuamua kesi hiyo. Lakini ana wajibu wa kusema kwamba sinema inayomfanya mtu mmoja abebe hoteli nzima imewanyang'anya wengine sauti. Watu 1,268 hawakukaa siku zaidi ya sabini wakingoja tu kuokolewa. Nao walipatana, walibembeleza, walificha, walipiga simu. Katika sinema wamekuwa umati.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa sinema hakuliona, au aliliona akaliacha. Kile kitisho cha mwisho cha Paul, kwamba Jenerali ataulizwa siku moja, kilitimia, na kilitimia Arusha. Umoja wa Mataifa ulianzisha Mahakama ya Rwanda Novemba 1994 na ikawekwa Arusha. Georges Rutaganda, yule mfanyabiashara wa bia na mapanga tunayemwona kwenye ghala, alihukumiwa kifungo cha maisha Desemba 1999. Augustin Bizimungu, yule Jenerali wa wiski, alihukumiwa miaka 30 mwaka 2011. Kwa maneno mengine, wahusika wawili wakubwa waliopatana na Paul walihukumiwa katika mji uleule ambako amani yao ilitiwa sahihi. Mwandishi gani wa hadithi angethubutu kutunga kitu kama hicho?

Raoul Peck alithubutu kidogo. Sinema yake Sometimes in April, ya mwaka 2005, inampeleka mwalimu aitwaye Augustin hadi Arusha, mahakamani, kumwona ndugu yake anayeshtakiwa kwa kazi ya redio. Idris Elba ndiye Augustin. Sinema hiyo pia inamwonyesha ofisa wa Marekani, Prudence Bushnell, akijaribu kwa simu kuwaonya wakubwa wa jeshi kule Kigali. Haina utamu wa Hotel Rwanda, hatua zake ni nzito, na wengi kibandani wangesinzia. Lakini imekumbuka kwamba ulimwengu una meza na una mahakama, na kwamba ndugu wawili wanaweza kutazamana katika nchi ya tatu bila bunduki na bado ukakosa pumzi.

HOJA YA WANAOPINGA

Ninajua rafiki zangu waandishi watakachosema, maana tumebishana sana. Watasema meza haina mchezo. Wazee wenye suti, maji ya chupa, makaratasi, nani atalipa kiingilio? Hoja hiyo ina nguvu. Kamati ya kugawana asilimia si ngumi.

Jibu langu ni hili. Kwa nini kila mtu anasimama kusikiliza watu wawili wakigombea bei ya suruali pale Mtaa wa Kongo? Kwa sababu anajua kila mmoja anachokificha. Muuzaji anajua alinunua kwa ngapi, mteja anajua mfukoni ana ngapi, na wewe uliyesimama unajaribu kusoma macho yao. Mchezo uko kwenye kile kisichosemwa. Sasa wachukue watu wanaojadili asilimia 40 ya jeshi, na kila mmoja anajua kwamba akirudi nyumbani na namba mbaya ataitwa msaliti. Hao wanaficha zaidi ya muuza suruali. Anayeshindwa kuandika hapo asiseme meza haina mchezo, aseme hajaisikiliza.

Pia watasema mapatano ya Arusha yalishindwa, na nani anataka hadithi ya kushindwa. Lakini Hotel Rwanda yenyewe ni hadithi ya kushindwa. Watu mia nane elfu au zaidi walikufa nje ya ukuta wa hoteli hiyo. Na mapatano hayashindwi kila mara. Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi jijini Nairobi, Kofi Annan akiwa msuluhishi na Rais wetu Jakaya Kikwete akiwa amekaa nao. Watu zaidi ya elfu moja walikuwa wameshakufa, na mauaji yakasimama. Hiyo nayo bado inangoja mtunzi.

KWA WANAOANDIKA

Kiswahili chetu kimetupa neno ambalo Kiingereza cha Terry George hakina. Tunasema kupatana bei. Tunasema majirani wanapatana, maana yake wanaishi vizuri. Tunasema kuwapatanisha waliogombana. Tunasema Mapatano ya Arusha. Shina ni lilelile. Sinema hii imeonyesha maana ya kwanza kwa ustadi mkubwa na ikaziacha nyingine. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili hana kisingizio cha kuziacha.

Kwa hiyo ushauri wangu si kuisusa Hotel Rwanda. Iangalie. Iga jinsi inavyompa shujaa kitu kidogo mkononi, sigara au karatasi, badala ya hotuba. Iga ngazi yake ya gharama. Kisha jiulize nani alikuwa pale Arusha na Dar ambaye kamera haikumpata. Alikuwepo mkalimani aliyelazimika kutafsiri tusi likawa pendekezo. Alikuwepo mhudumu aliyemimina chai wakati pande mbili hazisemezani. Alikuwepo dereva aliyempeleka rais wa watu uwanja wa ndege jioni ile ya Jumatano, akageuza gari, akarudi mjini kula chakula chake, na asubuhi akafungua redio.

Mzee Mwinyi ametutoka mwaka 2024. Mahakama ya Arusha ilifunga milango mwishoni mwa mwaka 2015. Wengi waliohudumu kwenye meza ile sasa ni wazee, baadhi wako humuhumu mjini, Magomeni, Ilala, Temeke, na hakuna aliyekwenda kuwauliza. Wageni wakishatengeneza sinema yao ya pili na ya tatu tutalalamika tena kwamba wametusahau. Kuchukua daftari na kwenda kumsalimia mzee wa mtaani aliyekuwa dereva wa serikali hakuhitaji fedha za Hollywood. Kunahitaji shikamoo, subira, na nauli ya daladala.

Atakayekwenda na kurudi na kitu, akilete tukisome.